Odyssey inakuja: ukate tiketi ya IMAX, ya 3D au ya kawaida tu?

Magrupu ya WhatsApp yameshaanza, hii Odyssey ya mwongozaji Christopher Nolan tukaionee wapi, na kila mtu ana jibu lake na jibu lenyewe mara nyingi ni jina tu kalisikia mahali, "IMAX bwana, hakuna mjadala". Mjadala upo, maana IMAX ni mfumo wa kupiga na kuonesha muvi kwa picha kubwa sana, na una aina zake. Muvi imepangwa kutoka tarehe 17 Julai 2026, ni ile hadithi ya Mgiriki Odysseus anayetangatanga miaka kumi akijaribu kurudi kwake Ithaca baada ya vita vya Troy, hadithi yenye miungu yenye hasira, mchawi anayegeuza watu nguruwe, na zimwi la jicho moja linalotafuna mabaharia kama karanga. Matt Damon ndiye Odysseus, Tom Holland ndiye mwanawe. Ni muvi ya kuonea kwenye kioo kikubwa, hapo sibishani na mtu, ila "kikubwa" kina madaraja yake na bei zake, na unaweza kulipa bei ya juu ukaona kilekile alichoona mwenzio aliyelipa nusu.

Mi utaratibu wangu ni huu: kwanza jua muvi imepigwaje, pili jua ukumbi wa mjini kwako una mashine gani, tatu chagua siti, halafu ndo utoe hela. Watu wengi wanaanza na hela.

Muvi imepigwaje?

Hii Odyssey ni muvi ndefu ya kwanza ya hadithi kupigwa yote, mwanzo mwisho, kwa kamera za filamu za IMAX. Filamu kabisa, ule mkanda, sio kadi ya memori. Mkanda wenyewe una upana wa milimita 70 na unapita kwenye kamera kwa ubavu, na kila picha moja inachukua nafasi ya matundu 15 ya pembeni ya mkanda, kwa hiyo picha moja ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Nolan huyuhuyu aliwahi kuzitumia kwenye The Dark Knight mwaka 2008 lakini kwa vipande tu, na sababu ni rahisi, zile kamera ni nzito na mota yake inapiga kelele, sasa mwigizaji ananong'ona pale na pembeni yake kuna mashine inanguruma, maneno utayarekodi vipi? Safari hii kampuni ya IMAX imetengeneza vifaa vya kupunguza hiyo kelele, ndo maana imewezekana hata mazungumzo ya karibu kupigwa nazo.

Kwako wewe mtazamaji maana yake ni kwamba picha yenyewe imezaliwa ndefu kwenda juu. Umbo lake, upana kwa kimo, ni 1.43 kwa 1, yaani karibu na mraba, wakati kioo cha ukumbi wa kawaida kinatanuka kwenda pembeni, 1.85 au 2.39. Picha ndefu ukiiingiza kwenye kioo kipana lazima ukate juu na chini. Kwenye kioo cha 2.39 kinachobaki ni kama asilimia 60 ya picha ya kamera. Usishtuke lakini, wapiga picha wanajua hilo tangu siku ya kwanza, wanapanga mambo muhimu yakae katikati, hakuna kichwa cha mtu kitakachokatwa. Unachopoteza ni lile anga, ule ukubwa wa bahari juu ya jahazi, ile hisia ya kwamba zimwi limesimama juu yako.

Kwa muvi nyingine za fantasia zitakazofuata angalia maandishi ya kwenye posta. "Filmed for IMAX" ina maana walipanga tangu mwanzo na kamera zilizokubaliwa, kwa hiyo kuna picha ya ziada utaiona huko tu. Ikiandikwa "Experience it in IMAX" peke yake, mara nyingi ni muvi ya kawaida iliyosafishwa ikakuzwa, utapata ukubwa na sauti, picha ya ziada hakuna. Sio vibaya, ila ujue unalipia nini.

3D nayo ina swali lake moja tu: ilipigwa kwa 3D au iligeuzwa baadaye? Avatar ya James Cameron ilipigwa kwa 3D na ndo maana watu waliikubali. Kinyume chake ni Clash of the Titans ya 2010, hiyohiyo miungu ya Kigiriki, iligeuzwa kuwa 3D kwa haraka haraka muvi ikiwa imeshapigwa, na watu walitoka wanalalamika vichwa vya waigizaji vinaonekana kama vimekatwa kwenye kadibodi vikabandikwa. Tena 3D inakula mwanga, miwani ile inazuia sehemu kubwa ya mwanga wa projekta, na muvi za fantasia zinapenda mapango na usiku, kwa hiyo ukumbi wenye taa ya projekta iliyochoka utakaa masaa mawili unatazama giza. Kwa Odyssey hili swali halipo, Nolan hajawahi kuifuata 3D. Mtu akikuuzia tiketi ya "Odyssey 3D" muulize maswali.

Halafu kuna spidi ya picha. Sinema tangu enzi za mwanzo wa sauti inakwenda picha 24 kwa sekunde, na jicho letu limezoea hivyo. The Hobbit ya kwanza, Desemba 2012, Peter Jackson akaipiga kwa picha 48, akasema itakuwa laini na 3D haitaumiza macho. Laini ilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa laini mno, watu wakaona kama tamthilia ya TV, mavazi yanaonekana mavazi, ndevu zinaonekana zimegundishwa, na ukishaiona gundi ya ndevu za kibeti ule uchawi umekwisha. Muvi ileile ilikuwa inaoneshwa pia kwa 24, na waliokwenda huko hawakuona hilo tatizo. Kwa hiyo ukiona herufi HFR kwenye ratiba ya sinema, ndo hiyo, kama hujawahi kuona usiijaribie kwenye muvi uliyoisubiri miaka.

IMAX sio moja

Hapa ndo watu wanapigwa. Neno ni moja ila mashine ni tofauti kabisa.

Ya juu kabisa ni ile ya mkanda, milimita 70, kioo kirefu kama ghorofa. Kumbi zenye uwezo huo duniani ni chache. Oppenheimer ilipotoka 2023 zilikuwa 30 tu, nyingi Marekani na Kanada, zilizobaki Uingereza, Australia na Ucheki, Afrika hata moja. Mkanda wake peke yake ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 18 na uzito kama kilo 270, unazungushwa juu ya sahani kubwa na fundi mwenye ujuzi, sio mtu wa kubonyeza play. Kwa Odyssey baadhi ya kumbi hizo zilifungua tiketi tarehe 17 Julai 2025, mwaka mzima kabla, na tiketi zikaisha haraka halafu watu wakaanza kuzilangua mtandaoni. Kwa hiyo wewe uliyeko London, kuna BFI IMAX pale Waterloo na kuna Science Museum, kila siku tupia jicho tovuti yao wenyewe kwa sababu kumbi huongeza maonyesho na watu hurudisha tiketi, usikimbilie kwa mlanguzi.

Inayofuata ni IMAX ya leza. Kubwa yake ina projekta mbili za leza na inaweza kuonesha hilo umbo refu la 1.43, ndogo yake ina projekta moja na inaishia 1.90. Halafu kuna ya kidijitali ya zamani kidogo, taa za zenoni, nayo ni 1.90. Kwenye 1.90 unapata kama robo tatu ya picha yote, ambayo bado ni nyingi kuliko ukumbi wa kawaida wa 2.39.

IMAX ya Nairobi, ile ya Mama Ngina Street kwenye jengo la 20th Century, iko kwenye hilo kundi la kidijitali. Je inafaa? Kwa Odyssey naona inafaa, kwa sababu muvi imepigwa kwa hiyo kazi na kioo chake kimepinda kidogo na kinajaza macho. Kwa muvi iliyosafishwa tu, angalia tofauti ya bei kwanza.

Ndugu zetu wa Ghuba nyie mna uchaguzi mpana zaidi, nenda sinema ya VOX ya Mall of the Emirates pale Dubai utakuta IMAX na 4DX chini ya paa moja, ila mjue kule muvi huwekwa maandishi ya Kiarabu chini, ukiwa huyasomi mwanzoni yanakusumbua halafu unayasahau.

Hiyo 4DX kwa ufupi: kiti kinatikisika, upepo unapuliza, maji yanakurushia. Ilianzia Korea Kusini 2009. Kwa muvi ya kukimbizana na magari ni raha. Kwa muvi ya bahari yenye dhoruba masaa mengi, na tumbo lako unalijua mwenyewe, mi sishauri kwa mara ya kwanza, na mjamzito au mwenye mgongo mbovu asiingie kabisa. Kuna na Dolby Cinema, projekta za leza zenye weusi ambao ni weusi kweli, na sauti ya Atmos inayotoka mpaka darini. Ukiwa Ulaya au Marekani na IMAX ya karibu yako ni ile ndogo ya zamani, kwa muvi yenye giza nyingi naichukua Dolby bila kufikiria mara mbili. Ila kwa Odyssey picha ndefu inanivuta upande wa IMAX.

Ukumbi wa kawaida, uukague

Wengi wetu ndo tutakapoionea, Century Cinemax ya Mlimani City kwa watu wa Dar, Nyali Cinemax kwa watu wa Mombasa, na hakuna aibu yoyote hapo. Ukumbi wa kawaida uliotunzwa unashinda ukumbi wa jina kubwa uliochoka. Tatizo ni kwamba jengo moja lina kumbi kadhaa na hazilingani, mmoja una kioo kipana na spika mpya, mwingine ni kachumba. Kwa hiyo piga simu, au pita dirishani siku ya kawaida watu wakiwa wachache, uliza kwa adabu:

"Habari dada, hii Odyssey wiki ya kwanza mtaiweka ukumbi namba ngapi?"

"Itakuwa namba moja, ila saa nne usiku inahamia namba tatu."

"Namba tatu ndo ule mdogo?"

"Ndio kaka, ule mdogo."

Umeshapata jibu la maana kuliko tovuti nzima. Wale wanajua kila kitu, spika ipi inakoroma, AC ipi imekufa, na hakuna anayewaulizaga.

Na kama una nafasi, nenda kaone muvi nyingine yoyote ukumbi huohuo mwezi kabla. Angalia vitu viwili. Picha ya mchana, kama jangwa au theluji, je ni nyeupe au ina rangi ya chai ya maziwa? Ikiwa chai, taa ya projekta imezeeka. Na mtu akiongea katikati ya kelele ya vita, unamsikia? Maneno yanatoka kwenye spika ya katikati nyuma ya kioo, ikiwa dhaifu hakuna fomati itakayokuokoa.

Hili la maneno nalisisitiza kwa sababu ya Nolan mwenyewe. Jamaa anapenda muziki na milipuko vifunike maongezi, Tenet ya 2020 Waingereza wenyewe walilalamika hawasikii kinachosemwa, sasa sisi ambao Kiingereza tumekikuta shuleni? Na hapa kwetu muvi za Kiingereza kwa kawaida haziwekwi maandishi. Tuliokulia kwenye vibanda vya video na DJ Afro au Lufufu akitusimulia kila kitu juu ya kelele, tumezoea kuwa na mtu wa kutufafanulia, na sinema hakuna huyo mtu (akiwepo, siti ya nyuma yako, utatamani anyamaze).

Dawa yake ni kusoma hadithi kabla. Odyssey ya Homer ina karibu miaka 2,700, hapa hakuna kuharibiwa utamu, kila mtu anajua anafika nyumbani. Soma hata muhtasari wake ujue Penelope ni nani, Telemachus ni nani, Poseidon kakasirikia nini, basi hata neno likikupita hupotei. Na wale waliosoma Alfu Lela Ulela mna mtaji tayari, kumbuka safari ya tatu ya Sindbad, jitu linakamata mabaharia mmoja mmoja linawabanika na kuwala, mpaka wanalitoboa macho kwa vyuma vya moto wakatoroka. Odysseus na zimwi lake la jicho moja ni kisa kinachofanana sana na hicho, hadithi za mabaharia hazina viza.

Matrela nayo? Moja inatosha, ya kwanza. Kadiri siku zinavyokaribia ndivyo wanavyomwaga picha zote nzuri, na kwenye fantasia hiyo mara ya kwanza kuliona dude ndo nusu ya tiketi yako. Zima maneno yanayohusu muvi hii kwenye X na usifungue TikTok wiki ya kutoka.

Siti na siku

Siti ya katikati kwenda kushoto-kulia, hilo halina ubishi. Mbele-nyuma ndo inategemea: ukumbi wa kawaida kaa kama theluthi mbili kutoka kwenye kioo, IMAX hapohapo au mstari mmoja nyuma zaidi. Kipimo changu, macho yako yakitulia yaangukie chini kidogo ya katikati ya kioo bila kuinua kidevu. Ukiona inabidi uinue kidevu, baada ya saa moja shingo itakudai. Siti ya mstari wa pili kwenye IMAX mi siichukui hata bure, bora nisubiri Jumanne.

Na Jumanne yenyewe sio mbaya. Wikiendi ya kwanza ina shangwe, watu wanapiga kelele zimwi likitokea, kama unapenda hivyo nenda, ni sehemu ya raha. Ila ina simu zinazowaka, wachelewaji, na bei ya juu. Katikati ya wiki ya kwanza kumbi nyingi hushusha bei na siti za katikati zinapatikana. Usivute mpaka wiki ya tatu tu, kwa sababu Spider-Man: Brand New Day imepangwa tarehe 31 Julai na ikishaingia vioo vikubwa vinaanza kugawanywa (Tom Holland huyohuyo, yaani anajinyang'anya ukumbi mwenyewe).

Wenye watoto, Kenya angalia alama ya KFCB, ile bodi inayopanga muvi ni ya umri gani, kabla hujawaahidi: GE ni ya wote, PG mzazi uwepo, halafu kuna 16 na 18, na mlangoni siku hizi wengine wanakagua kweli. Hadithi hii ina ulaji wa watu na mauaji ya kutosha pale mwisho, usiione neno fantasia ukadhani ni katuni. Na kila mtu abebe sweta, AC za kumbi zetu hazina huruma.

Kama mjini kwako hakuna sinema kabisa na utasubiri iingie mtandaoni, basi kuna jambo moja tu la kufanya kwenye TV yako na watu hawalijui. TV nyingi mpya zinatoka dukani zimewashwa kitu cha kulainisha mwendo, inabuni picha za katikati ambazo hazipo, na matokeo yake ni uleule ubaya wa The Hobbit ya picha 48, kila muvi inageuka tamthilia. Kwenye Samsung kinaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Ingia kwenye mipangilio ya picha ukizime, au kama TV ina Filmmaker Mode iwashe hiyo, yenyewe inazima huo ulainishaji na kurudisha rangi alivyotaka mwongozaji. Halafu zima taa ya sebuleni, na spika ya nje hata ya bei ndogo ni bora kuliko zile za nyuma ya TV zinazopigia ukuta.